Tumbo limenikataa tangu nihamie Kisumu: Ayurveda inaanzia wapi kwa mla ugali na omena?

Swali: Nina miaka 38 na nauza nguo za mitumba pale Kibuye. Nilihama kutoka Nakuru mwaka jana. Huko nilikuwa nakula chochote, lakini hapa tumbo linajaa riahi, usiku kiungulia kinapanda hadi kooni, choo ni kigumu na siku mbili tatu hupita bila kwenda, na asubuhi ulimi una utando mweupe. Usingizi unakatika saa nane usiku. Asubuhi ni chai ya maziwa na mandazi mawili, mchana nakula kitu saa kumi nikipata nafasi, usiku ni ugali na omena au sukuma wiki kama saa tatu na nusu. Nilijibu maswali ya Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi, mtandaoni nikaambiwa mimi ni vata-pitta, nikapewa orodha ya vyakula vya Kihindi ambavyo vingi sivijui. Kuna pia mtu anayeniuzia vidonge vya kusafisha mwili. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na saa zako za kula, dada. Hiyo orodha iweke kando, na vidonge usinunue. Sababu nitakupa huko mbele. Ukisoma tena ulichoandika utaona kwamba chakula chako kikubwa cha siku kinaingia tumboni saa tatu na nusu usiku, kisha unalala nacho. Mchana kutwa, wakati mwili una nguvu zake zote za kusaga, unaupa chai. Kwa macho ya Ayurveda, hilo peke yake linatosha kuleta kila dalili uliyotaja, hata kama ungekuwa unakula kila kitu kilicho kwenye ile orodha.

Siku hizi watu huanza na dosha, nguvu tatu ambazo Ayurveda inasema zinaendesha mwili: vata ya hewa, pitta ya moto, kapha ya maji na udongo. Waganga wa zamani waliuliza kwanza habari ya agni, nguvu ya mwili ya kusaga chakula, na wakaigawa katika hali nne. Kuna agni iliyo sawa. Kuna inayoyumba, leo njaa kali kesho hakuna, na hiyo huja na riahi na choo kikavu. Kuna iliyo kali, inayounguza kifua na kuleta njaa ya hasira. Na kuna nzito, ambayo chakula kinakaa tu, mwili unalegea, na mtu akimaliza kula anasinzia. Yako inayumba, na ndani yake kuna ukali kidogo. Ukilundika kuni mbichi juu ya moto unaoyumba utapata moshi mwingi na joto dogo. Kile kisichosagika Ayurveda inakiita “ama”, na utando mweupe kwenye ulimi asubuhi ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo.

Sasa kwa nini Nakuru hukusumbuka? Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kama mita 1,130. Tofauti hiyo ya mita 700 na ushei ni nyuzi nne au tano za joto, ukiongeza na unyevu wa ziwa. Mafundisho ya Ayurveda kuhusu majira yako wazi hapa: wakati wa baridi agni huwa na nguvu, kwa hiyo mtu anastahimili chakula kizito na kingi, wakati wa joto na wa mvua agni hushuka, na chakula kipungue. Wewe ulihama na sahani yako ya Nakuru. Kipimo kilekile cha ugali, saa ileile ya usiku, lakini mwili umetoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto. Wengi wanaoshuka kutoka Nakuru, Molo au Eldoret kuja ziwani hulaumu maji au samaki, na hawafikirii kupunguza kipimo.

Kuhusu jibu la vata-pitta. Maswali ya mtandaoni huchanganya mambo mawili: umbile ulilozaliwa nalo na hali uliyo nayo leo. Mtu aliyekosa usingizi na choo mwezi mzima atajibu maswali yote kama mtu wa vata hata kama alizaliwa na kapha tele. Kinachotibiwa ni hali ya leo. Na hiyo orodha ya Kihindi isikutishe kwa jambo jingine: mahindi, nyanya, viazi na pilipili hoho vilitoka Amerika, vikafika India baada ya safari za Wareno, karne nyingi baada ya misingi ya Ayurveda kuandikwa. Wahindi walivipima kwa sifa zake wakavipa nafasi. Nawe unaweza kuipima omena kwa njia hiyohiyo.

Kupima ni hivi. Kila chakula uliza: ni kizito au chepesi, kikavu au chenye mafuta, cha kupasha mwili au cha kuupoza, laini au kigumu? Kisha kumbuka kanuni moja: kinachofanana na tatizo hulizidisha, kinachopingana nalo hulipunguza. Vata ni kavu, baridi, nyepesi na ya kuyumbayumba, kwa hiyo hutulizwa na chakula cha moto, chenye majimaji na mafuta kidogo, kinacholiwa kwa saa zisizobadilika. Pitta ni moto na ukali, kwa hiyo hutulizwa na ladha tamu, chungu na ya kukauka mdomoni, na huchochewa na uchachu, chumvi nyingi, pilipili na kukaanga.

Kwa kipimo hicho, omena iliyokaangwa ikakauka hadi inavunjika, ikaliwa na nyanya na pilipili usiku, inachochea vyote viwili kwa mpigo. Omena ileile ukiilowesha katika maji moto dakika 10, ukaiosha mara tatu, ukaipika kwa mchuzi mwingi wa kitunguu na dhania bila kuikaanga kwanza, ukaila mchana, ni chakula kingine kabisa. Sukuma wiki ni kavu na huleta riahi ikikatwa nyembamba na kukaangwa dakika mbili. Ipike hadi ilainike, na kijiko cha samli. Mnavu, ambao wengine huuita managu au osuga, ni mchungu na kwa mtu mwenye kiungulia ni mzuri sana. Mrenda una utelezi unaosaidia choo kikavu, na kwako ningeuweka mezani mara tatu kwa wiki. Ugali wa mtama au wimbi ni mwepesi lakini mkavu, kwa hiyo uandamane na mchuzi, usiliwe na kitu kikavu. Nduma na mihogo ni vizito. Mchana vinafaa, usiku hapana. Kunde na maharagwe, subiri mpaka riahi itulie.

Hapa kuna jambo la magharibi mwa Kenya ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya mtandaoni. Mboga za kienyeji na maharagwe hupikwa kwa munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu, au kwa magadi. Ayurveda inayajua maji ya majivu vizuri, inayatumia kama dawa kali, na Charaka, mwandishi wake wa kale, aliyataja pamoja na chumvi na pilipili ndefu kuwa vitu vitatu visivyotumiwa kwa wingi wala kwa muda mrefu, kwa kuwa ukali wake unadhuru nywele, macho na moyo. Mtu mwenye kiungulia akila mboga zenye munyu kila siku anajiongezea ukali huo, na mwenye presha ya damu anayetumia magadi anaongeza chumvi asiyoihesabu. Kwa mwezi mmoja pika mboga bila munyu wala magadi. Uchungu ukikusumbua, chemsha mnavu dakika tano, mwaga maji ya kwanza, kisha endelea na maji mapya.

Siku ilivyo

Amka saa kumi na moja au kumi na moja na nusu alfajiri. Vitabu husema kabla ya jua, na kwa Kisumu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo una nafasi. Kabla ya kunywa chochote kwangua ulimi: tumia kikwangua ulimi cha chuma, au ukingo wa kijiko kisicho na makali, kutoka nyuma kuja mbele, mara saba, kwa wepesi. Ukikwangua kwa nguvu hadi ukaumia unaharibu, na utando hautaisha kwa nguvu, kwa sababu unaletwa na chakula cha jana. Ukiona ni mzito kuliko jana, jua ulikula kizito au umechelewa.

Kisha glasi moja ya maji ya uvuguvugu, taratibu. Isiwe lita nzima. Kujaza tumbo maji asubuhi ni mtindo wa siku hizi na mtu mwenye agni dhaifu hupata kichefuchefu. Baada ya maji nenda chooni, hata kama hakuna dalili, ukae dakika tano bila kujikamua. Mwili hujifunza saa.

Na hapa naomba usome kwa makini, maana nadhani nusu ya shida ya choo chako iko sokoni. Ayurveda inataja misukumo 13 ya mwili isiyozuiwa: haja kubwa, haja ndogo, riahi, kupiga chafya, kucheua, kupiga miayo, njaa, kiu, usingizi na mingine. Kuzuia haja kubwa hugeuza mwendo wa vata, ile hewa inayopaswa kushuka ikapanda, na ndipo riahi, kichwa kuuma na choo kukauka. Kwa lugha ya hospitali, kinyesi kinachokaa kwenye utumbo mpana kinaendelea kunyonywa maji. Mfanyabiashara wa sokoni huzuia kwa sababu choo kiko mbali, ni cha kulipia, na hakuna wa kumwachia mali. Tafuta jirani mkabidhiane vibanda, utenge hela za choo kila asubuhi kama unavyotenga nauli. Hakuna mafuta wala dawa itakayoshinda tabia ya kuzuia.

Kupaka mafuta mwilini kabla ya kuoga ni tabia nzuri, lakini kwako si ya wiki ya kwanza. Ulimi ukiwa na utando mzito, au ukiwa na homa, au tumbo limejaa, mafuta ya mwili mzima hayapakwi, kwa sababu uzito wake huongeza ile “ama”. Anza na nyayo usiku: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya simsim, dakika tatu kila mguu, kisha vaa soksi kuukuu. Ulimi ukisafika, wiki ya tatu, paka mwili mzima mara mbili kwa wiki: vijiko vitatu vya mezani, chupa iwekwe kwenye bakuli la maji moto, misukumo mirefu kwenye mifupa mirefu na ya duara kwenye viungo, dakika 10 hadi 15, kisha uoge. Kwa joto la Kisumu tumia nazi. Simsim inapasha, ni ya Nakuru mwezi wa Julai. Ukichagua simsim, chukua ile isiyokaangwa kabla ya kukamuliwa, kwani ile nyeusi yenye harufu kali ni ya chakula.

Kiamshakinywa kiwe saa moja na nusu. Mandazi na chai ya maziwa ni mafuta ya kukaangia, unga mweupe, sukari na majani ya chai kwenye tumbo tupu, na kiungulia hakihitaji zaidi ya hapo. Badala yake tengeneza uji wa wimbi: vijiko vitatu vya mezani vya unga uliokorogwa kwenye maji baridi, vimiminwe kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, ukoroge dakika 12 hadi 15, umalizie na kijiko cha chai cha samli na iliki mbili zilizopondwa. Usiwe uji wa kuchachushwa mpaka kifua kitulie, na usikamue ndimu. Ukipenda asali, subiri uji upoe hadi uweze kuuonja bila kupuliza, maana asali Ayurveda haiipashi moto kamwe. Chai hukatazwi, kunywa kikombe kimoja saa nne, baada ya chakula, majani yakiwa machache.

Chakula cha mchana ndicho kiwe kikubwa, kati ya saa sita na nusu na saa nane. Hapo jua liko juu na, kwa hesabu ya Ayurveda, ni zamu ya pitta, agni iko kileleni. Kama huwezi kufunga biashara, beba chakula kwenye chombo cha kutunza joto, au agiza kibandani kwa saa maalum kila siku ili mama akuletee bila wewe kukumbuka. Agiza ugali wa ukubwa wa ngumi zako mbili, mnavu au mrenda, na samaki wa mchuzi au ndengu. Kipimo cha wakongwe ni tumbo kugawanywa mara nne: sehemu mbili za chakula, moja ya majimaji, moja ibaki wazi ili chakula kigeuke. Kwa vitendo, acha unapocheua mara ya kwanza, na bado ungeweza kula matonge manne. Kaa chini ukila. Kula umesimama huku unauza, unameza bila kutafuna na unameza hewa pamoja nacho, na hewa hiyo utaisikia saa kumi.

Maji wakati wa kula ni mafunda machache, ya uvuguvugu au ya kawaida. Soda baridi kutoka kwenye friji pamoja na chakula ni kosa kubwa la mji wa joto: gesi yake inafungua njia ya asidi kupanda, na sukari yake inakaa na ugali. Kiu ya mchana ijibu na maji ya dhania. Usiku ponda kidogo kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za dhania, loweka kwenye vikombe viwili vya maji, asubuhi chuja, beba kwenye chupa, unywe kidogokidogo kabla ya saa kumi jioni. Yanapoza pitta bila kuzima agni.

Chakula cha usiku

Hiki ndicho kigumu, na sikuombi uruke kutoka saa tatu na nusu hadi saa moja kwa siku moja, kwa sababu utalala na njaa na siku ya tatu utarudi kwenye ugali. Vuta nusu saa kila wiki. Wiki ya nne utakuwa unakula saa moja na nusu, na ukilala saa nne na nusu chakula kimepata saa tatu. Hata daktari wa hospitali atakwambia muda huohuo kwa mgonjwa wa kiungulia, kwa sababu ukilala na tumbo lililojaa asidi inapata njia ya kupanda.

Cha kupika ni wali wa ndengu, ambao Wahindi huuita kichari. Kinafaa kwa sababu ni laini, cha moto, kina mafuta kidogo, na ndengu ndiyo jamii ya kunde ambayo Ayurveda inaiona nyepesi kuliko zote. Kwa watu wawili chukua nusu kikombe cha ndengu zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za njano zinazopatikana kwenye maduka ya Wahindi, na nusu kikombe cha mchele. Ukizikosa, chukua ndengu nzima za kijani, lakini zilowekwe tangu asubuhi na yale maji yamwagwe. Osha vyote pamoja mara nne au tano mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Usipoosha, povu litajaa juu.

Weka sufuria kwenye moto wa wastani, kijiko kimoja na nusu cha mezani cha samli. Samli ikiyeyuka tupa kijiko kimoja cha chai cha jira nzima. Hapa ndipo watu huharibu. Jira iwe inachezacheza na kutoa harufu, rangi ikienda hudhurungi, sekunde 20 au 30 hivi. Ikiwa nyeusi chungu chote kitakuwa na uchungu wa kuungua, afadhali umwage uanze upya. Punguza moto, ongeza tangawizi mbichi ya sentimita moja iliyosagwa, koroga mara tatu, kisha nusu kijiko cha chai cha manjano na kijiko kimoja cha dhania ya unga, na papo hapo mimina ndengu na mchele. Manjano yakikaa peke yake kwenye mafuta yanaungua upesi. Koroga dakika moja hadi nafaka ing'ae, weka vikombe vinne na nusu vya maji moto, acha ichemke, funika, moto mdogo, dakika 30 hadi 35. Ndengu nzima zinataka 50. Weka chumvi nusu kijiko cha chai na mboga laini kama malenge, dakika 15 kabla ya kuepua. Kikiiva kimimine kwenye bakuli: kisambae polepole chenyewe kama uji mzito. Kikisimama kama pilau kimekauka mno kwa vata yako. Ongeza nusu kikombe cha maji moto ukoroge.

Tangawizi nimeipunguza makusudi. Mapishi mengi hutaka mara tatu ya hapo, na kwa mtu wa Nakuru mwenye tumbo zito ni sawa, lakini wewe kifua kinaunguza. Pilipili usiweke. Kitunguu saumu pia kiache mwezi huu.

Kula hiki usiku tano kwa wiki. Siku mbili zilizobaki kula ugali na mrenda, ugali uwe ngumi moja. Familia ikila ugali kila siku, kaa nao mezani na bakuli lako. Wakizoea harufu ya jira wataomba.

Maziwa lala usiku hapana, ni machachu na mazito. Mchana, kifua kikishatulia, changanya robo glasi ya lala na robo tatu ya maji, koroga sana, weka jira iliyokaangwa na kusagwa kidogo, unywe baada ya ugali. Ukisikia kiungulia, acha. Samaki na maziwa ni suala linaloulizwa sana huku ziwani, kwani samaki mkavu kupikwa kwa maziwa ni chakula cha heshima. Ayurveda inaukataza mchanganyiko huo waziwazi: samaki anapasha, maziwa yanapoza, na vyote ni vizito. Sayansi haijathibitisha kwamba mchanganyiko huo unaleta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya. Msimamo wangu ni kwamba tumbo likiwa linaumwa uache mwezi mzima, kisha ujaribu mchana mara moja uone mwili wako unasema nini. Usigombane na mama mkwe kwa ajili yake.

Baada ya kula tembea hatua 100 polepole, uani au barabarani. Taa na simu zipungue kuanzia saa tatu na nusu. Lala kwa ubavu wa kushoto, na weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 15 hivi. Mito miwili haifanyi kazi hiyo; inakunja tumbo na kulibana. Kukatika kwa usingizi saa nane Ayurveda inakuhesabia kwenye zamu ya vata, inayoshika sehemu ya mwisho ya usiku. Ukiamka usile, usishike simu. Kunywa mafunda mawili ya maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, urudi ulale.

Kwa choo, loweka zabibu kavu 15 usiku uzile asubuhi pamoja na maji yake, au kipande cha papai lililoiva saa nne, peke yake, lisichanganywe na mlo. Siku tatu hadi tano zinatosha kuona tofauti.

Vile vidonge

Sehemu ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini yaliyochomwa, ikiwemo zebaki. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au arseniki. Risasi mwilini huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, yaani dalili zilezile unazotaka kutibu, na mtu anaweza kuongeza vidonge akidhani havijatosha. Dawa isiyo na jina la mtengenezaji, viungo vilivyoandikwa na usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, usiimeze. Neno kusafisha mwili lisikuvute. Dawa nyingi za namna hiyo ni za kuharisha tu, na kuharisha huvuruga zaidi vata iliyokwisha kuvurugika. Hata manjano nunua mizizi mizima usage mwenyewe ukiweza, kwa kuwa unga umewahi kukutwa umetiwa rangi yenye risasi ili ung'ae.

Andika kila asubuhi mambo manne kwenye daftari la hesabu: ulimi, choo, njaa ya mchana, saa ulizolala. Wiki ya kwanza njaa ya jioni itakusumbua kwa kuwa mwili umezoea. Riahi inaweza hata kuongezeka kidogo ukiwa hujazoea ndengu. Wiki ya pili au ya tatu tafuta dalili hizi: kucheua kusikokuwa na ladha ya chakula cha jana, mwili kuwa mwepesi asubuhi, na njaa halisi inayokuja saa sita. Ukizipata, ongeza kipimo cha mchana kidogo kabla ya kuongeza cha usiku. Ukikosa dalili zote tatu baada ya wiki nne, usiongeze masharti. Kuna jambo jingine.

Na usisubiri hizo wiki nne ukiona choo cheusi kama lami, damu kwenye choo au matapishi, chakula kukwama kooni, uzito kushuka bila sababu, kubadilika kwa choo kunakozidi, au maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au taya. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata bila hayo, kiungulia cha miezi mingi kinastahili kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa kinyesi au kwa pumzi, maana bakteria huyo hatibiwi kwa uji. Kama unakunywa diklofenaki au ibuprofeni kwa mgongo wa kubeba mabelo, mwambie daktari, kwa sababu dawa hizo peke yake huchubua tumbo. Kama una kisukari, kipimo cha wali na uji kijadiliwe naye kwanza, na samli isizidi vijiko viwili vya chai kwa siku ikiwa lehemu (kolesteroli) yako iko juu. Kwenye kichari weka nusu ya kile nilichoandika. Ukiwa mjamzito au unafikiri umeshika mimba, endelea na saa za kula na kichari, lakini dawa za mitishamba za aina yoyote ziache mpaka daktari aziangalie moja moja.